Msumari wa Upande wa Kushoto

Tegua kitendawili hiki kabla hujakaa vizuri. Nina mgeni ndani ya nyumba. Hodi hakupiga, na kutwa kucha ananigongea kuta. Nikimtafuta chumba kwa chumba, simwoni. Nikimtaja jina lake, anatulia. Ni nani?

Usikimbilie kunipa mji. Miji niliyopewa na walioshindwa ni mingi, na mpaka leo sijahamia hata mmoja. Kishike tu mkononi nikusimulie habari ya Fundi, tukifika mwisho uone kama hujakitegua mwenyewe.

Fundi alikuwa wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango mpana wa bati unaotazama barabara. Ndani sponji zilipandana mpaka darini, springi zilining'inia ukutani kwa mafungu, na mtu akiingia alitoka na nyuzi kwenye nguo hata kama alikuja kuuliza njia tu. Mafundi wa makochi wako wengi, lakini huyu watu walimfuata kutoka mbali kwa sababu ya mwili wake. Mteja akilalamika kwamba kochi linamchoma, fundi mwingine angelipasua lote. Huyu alivua viatu, akafumba macho, akakaa, akajisogeza kidogo huku, kidogo kule, kama kuku anayetaka kutaga. Kisha akaweka kidole. "Hapa." Ukipasua hapo unakuta msumari, au ncha ya springi, na siku moja hereni ya mke wa mtu, ambaye si mke wa mwenye kochi. Ile hereni aliifungia ndani ya leso na kuirudisha kwa mwenyewe kimyakimya, na tangu siku hiyo heshima yake mtaani ikapanda.

Mwili huo uliomlisha ndio uliomtesa. Fulana alivaa nje-ndani, mishono iangalie watu badala ya kumwangalia yeye. Lebo za nguo alizikata zote, kuanzia za kwake mpaka za mapazia, kiasi kwamba nyumba nzima hakuna aliyejua nguo ipi inafuliwa kwa maji ya moto. Kijiko cha chuma kilimpigia kelele kwenye meno, kwa hiyo alitumia cha mbao. Friji ikinguruma, aliichomoa. Mkewe akipita, anaichomeka. Na hivyo ndivyo friji ile ilivyoishi. Jirani akibadilisha sabuni ya kufulia, Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, kabla hata ya mume wa jirani.

Lakini mtu huyohuyo, anayejua ni uzi gani wa soksi umekaza, ukimuuliza kama ana furaha au ana hasira, alikutazama kana kwamba umemuuliza bei ya mwezi wa angani. Si kwamba alificha. Alitafuta kwa moyo safi. Aliingia ndani mwake, akapekua, akatoka na kitu cha kwanza kilichogusa mkono wake. Siku walipomzika kaka yake, alisema viatu vinambana. Akaondoka makaburini pekupeku na viatu mkononi, na vilikuwa viatu vyake vya miaka mingi, laini kama andazi. Siku bintiye alipozaliwa, alimwambia nesi kwamba taa ya dari ni kali mno, kisha akakaa chini sakafuni akiwa ameegemea ndoo.

Na siku alipokwenda kuposa, baba wa msichana alimuuliza kama anampenda kweli binti yake. Fundi alifikiri mpaka vikombe vikapoa. Halafu akajibu kwa unyoofu kwamba kila akiwa karibu na huyo binti, kola ya shati inambana. Mzee aligeuka kumtazama mkewe, akijiuliza kama wameletewa mgonjwa. Lakini msichana mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya mlango, alicheka mpaka mlango ukatikisika, akasema jibu hilo linamtosha.

Huyo ndiye mkewe, na yeye alikuwa wa tabia nyingine kabisa. Hisia zikimjia zilibisha hodi, zikataja jina na ukoo. Alilia na redio kabla mtangazaji hajafika kwenye habari yenyewe. Akikasirika, sufuria zilijua kabla ya watu. Tangu siku ya kola akawa mkalimani wa mumewe: viatu vikibana, ni msiba; taa ikiwa kali, ni hofu; kola ikibana, basi ni lile jambo. Na kila alipoisikia ile kola, hata baada ya miaka yote hiyo, alikwenda jikoni kutabasamu peke yake.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na mtaa mzima ulimwita Futi. Jina hilo alilipata mapema, kwa sababu tangu aanze kusimama kazi yake ilikuwa kushika mwisho wa futi baba yake akipima. "Shika hapo," Fundi angesema, na mtoto akashika hapo, hakusogea hata nzi akitua puani. Alikua akishika. Na alipomaliza masomo, unafikiri alisomea nini? Kupima. Kampuni moja inayojenga barabara ikampa kazi, katika mji mwingine, mbali, na ikamtaka aripoti Jumatatu ya wiki ya pili.

Aliwaambia wazazi wake mezani, sahani hazijaondolewa. Mama yake alilia, akacheka, akambusu, akamgombeza kwa kuwa hana viatu vya maana, akalia tena. Fundi aliendelea kutafuna.

"Baba," Futi akasema, "mama ameshamaliza yote. Wewe je? Mimi nikiondoka, wewe unajisikiaje?"

Fundi aliweka chini kijiko chake cha mbao. Akaingia ndani, akapekua. Walimsubiri. Hata friji, ambayo kwa bahati ilikuwa imechomekwa, ilinyamaza kumsubiri.

"Huko unakokwenda," akasema hatimaye, "utakalia nini?"

Futi alijibu kwamba hajui, amepata chumba tu. Basi Fundi akainuka, akaenda karakana, na wakasikia futi ikivutwa. Swali lilibaki pale mezani kama chakula cha mtu aliyechelewa, limefunikwa, likingoja mwenyewe arudi.

Kochi la bintiye alilianza usiku uleule na kulifanyia kazi kuliko kochi lolote maishani mwake. Mbao alizichagua kwa kuzipapasa. Sponji aliinusa kwanza. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya kijani iliyotulia, kisichokwaruza hata shavu. Futi mwenyewe alikuwa na shughuli za kufunga mizigo, kwa hiyo Fundi alipopima, mwisho wa futi aliutundika kwenye msumari wa ukutani. Msumari ulishika vizuri tu. Haukuwa na neno. Hata hivyo alijikuta kila mara anauambia, "Shika hapo."

Kochi likaisha. Akavua viatu, akafumba macho, akakaa.

Kuna kitu kinachoma.

Kilikuwa upande wa kushoto, kwa juu, pale mbavu zinapokutana na mgongo wa kochi. Akajisogeza huku na kule. Kinachoma. Akafumua kitambaa chote cha mgongo, akatoa sponji, akapitisha kiganja kila ubao. Hakuna kitu. Akalifunga, akakaa. Kinachoma. Akabadilisha springi. Kinachoma. Akang'oa pini zote za stepla, akashona kwa mkono kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akakaa, na kabla hajafumba macho kikamchoma.

Akaita mashahidi. Mkewe alikaa akamenya viazi ndoo nzima, akasema hajasikia kitu. Fundi akamwambia ngozi yake ngumu. Mkewe akamuuliza tangu lini, maana siku za kola haikuwa ngumu. Akaitwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa kinyozi barabara ya pili na kila siku alikuja kuulizia benchi lake lililoletwa kuwekwa sponji mpya. Wateja wake walikuwa wanakaa juu ya kreti la soda na kunyolewa wakiwa wamepinda, wakatoka na nywele zilizopinda vilevile. Kinyozi alikaa kwenye kochi akiwa na hasira zake, akaegemea, na maneno yakamwishia mdomoni. Alipoamshwa alitoa ushahidi kwa macho mekundu.

"Shemeji," alisema, "humu hamna msumari. Humu mna usingizi. Na benchi langu?"

Fundi alikuwa ameshalifumua kochi tena.

Usimlaumu mkewe kwa kutotambua. Mtu mwenye viatu laini akisema vinambana, unashtuka. Lakini fundi wa makochi akisema kuna msumari kwenye kochi, unamtafutia koleo. Mkalimani alidhani safari hii mumewe anazungumza lugha ya kawaida.

Jumamosi ya kwanza lori la kubeba mizigo ya Futi likaja, kochi likiwa mifupa mitupu. Futi akampigia simu bosi wake, akaomba aongezewe wiki moja. Akapewa, na akaambiwa kwa upole kwamba Jumatatu itakayofuata wiki hiyo asipoonekana, nafasi anapewa mwingine. Lori likarudi tupu. Na jambo la ajabu, mchana ule Fundi alikaa juu ya mbao tupu za kochi akanywa chai, na hakuchomwa hata kidogo. Akadhani ameutoa msumari bila kujua. Alipiga mluzi. Halafu Futi akapita akiwa amenuna, macho chini, wala hakumtania baba yake kwa ule mluzi wake mbovu, na kile kitu kikarudi kwa nguvu mara mbili.

Siku zilizofuata nyumba ilinyamaza. Fundi, ambaye maisha yake yote alitamani nyumba inyamaze, aliona kimya hiki kinakwaruza. Mchana mmoja alikuwa amesimama karakana, na kwa kuwa friji ilikuwa imechomolewa, aliwasikia mke na mtoto jikoni. Futi alikuwa anamwambia mama yake kwamba kochi halina kosa lolote, kosa ni kwamba baba hataki aende.

"Kama hataki si aseme?" Futi alisema. "Kuliko kunifunga mguu kwa kochi. Nimemuuliza, mama. Nimemuuliza kwa mdomo wangu, na mpaka leo hajanijibu."

Mkewe alisema kitu, lakini Fundi hakukisikia. Alishangaa. Hataki aende? Alijipekua harakaharaka, hapana, alitaka aende. Alishawaambia wateja watatu kwamba binti yake atapima barabara nzima, na mmoja wao alimwambia mara mbili. Sasa kwa nini asimwambie mtoto hivyo? Alifungua mdomo aende jikoni, na kitu kikamchoma upande wa kushoto, na hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama wima.

Angekuwa mtu mwingine, hapo angeelewa. Fundi aligeuka kuangalia kilichokuwa mgongoni kwake. Ulikuwa ukuta, na ukutani palikuwa na msumari, ule wa kutundikia futi. Basi ndiye mchokozi. Akauvuta kwa koleo kwa furaha kubwa, akautupa kwenye kopo. Kilichobaki ni kwamba jioni alipotaka kupima benchi la shemeji yake, hapakuwa na wa kumshikia futi, si mtu, si msumari. Akasimama na futi mkononi muda mrefu, kisha akaikunja.

Jumamosi ya pili lori likaja mapema. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi mwenye mzigo mwingine wa kuwahi mchana, na alianza kuhimiza hata kabla ya kuzima injini. Wakapakia kitanda, masanduku, sufuria za kutosha jeshi ambazo mama alisema ni chache. Fundi alisimama kando ya kochi akiwa na fulana yake iliyogeuzwa, koleo mkononi. Kochi lilikuwa limeshonwa, zima, zuri. Dereva akauliza kama hilo nalo linapanda.

"Bado," Fundi akasema. "Lina msumari."

Futi alikuwa anafunga kamba. Hakugeuka. "Libaki," alisema, kwa sauti iliyonyooka kama ubao. "Mimi naondoka."

Fundi akashika ubavu wake. Kilichomchoma wakati ule, springi ya lori zima isingeweza. Dereva naye, kwa kuwa hakujua yaliyomo, akacheka. Akamwambia mzee kama anatafuta misumari asihangaike na kochi jipya. Aje akalie kiti cha abiria cha lori lake. Alisema abiria wake wote hushuka wakichechemea.

Fundi akainua kichwa. "Kiti hicho ndicho atakachokalia mwanangu?"

Dereva akasema ndicho, kingine hana.

Unadhani angekubali mwanawe akikalie hivyohivyo? Alivua viatu pale barabarani, akapanda, akafumba macho, akaanza kutaga. Kinyozi, aliyekuja kuaga na kulikumbushia benchi lake, alikaza macho. Muda haukupita Fundi akaweka kidole chini ya paja la kulia. "Hapa." Halafu akaweka kingine kushoto, juu. "Na hapa."

Akapasua pa kulia kwa wembe wa shemeji yake, na kweli, waya wa springi ulikuwa umekatika na ncha yake inatazama juu kama nyoka. Akaukunja kwa koleo, akatia kipande cha sponji, akashona kwa uzi wa mara mbili. Akapasua pa kushoto. Hakuna kitu. Akashona. Akakaa tena. Pa kulia palikuwa pametulia kabisa. Pa kushoto kinachoma.

Akasogea mbele mgongo usiguse kiti. Kinachoma. Akasimama kwenye ngazi ya lori. Kinachoma. Akashuka mpaka chini barabarani, akakaa juu ya jiwe la kuzuia gurudumu, ambalo tangu kuumbwa halijawahi kutiwa msumari na mtu yeyote.

"Kimeshuka na mimi," akasema.

Kinyozi akasema hiyo ni gesi. Dereva akasema yeye shemeji yake ilimwanza hivyohivyo, wakampeleka hospitali. Lakini mke wa Fundi, aliyekuwa ametoka jikoni na mikono yenye maji, alisimama ghafla mlangoni. Mkalimani ameamka. Akafungua kinywa amalize kesi, na Futi akamshika mkono.

"Mwache, mama."

Futi akachuchumaa mbele ya jiwe. Alikuwa amekulia karakana ile, na maswali ambayo baba yake huwauliza wateja aliyajua kwa moyo. Akayauliza vilevile, kwa mpangilio uleule.

"Kilianza lini?"

Fundi akafikiri. Alikuwa mteja mwaminifu. "Siku ile mezani."

"Kinazidi ukifanya nini?"

"Nikisikia lori." Akafikiri tena. "Na nikitaka kupima."

"Kinapungua lini?"

"Kilipungua lori liliporudi tupu. Nikanywa chai. Halafu nikakuona umenuna, kikaja mara mbili."

Futi aliuma mdomo. Akauliza swali la mwisho, ambalo halimo kwenye maswali ya wateja, na alilisema polepole sana. "Kwa hiyo hutaki niende?"

"Nataka uende," Fundi akasema mara moja, na akashangaa jinsi jibu hilo lilivyotoka bila kupekuliwa. "Nataka sana. Ndiyo maana nikadhani ni msumari."

Dereva alikuwa na mzigo wa kuwahi, lakini aligundua kioo cha pembeni kina vumbi, akaenda kukifuta, na alipokimaliza akafuta kingine. Fundi akainuka, akaliendea kochi, akapitisha kiganja mgongoni mwake kwa mara ya mwisho. Akatangaza kwamba kochi halina kosa, lipakiwe. Wakalibeba wote, kinyozi akishika upande mmoja na kusema wazi kwamba angefurahi kama lingekuwa benchi.

Mama na binti walikumbatiana mpaka ikabidi dereva aende kufuta kioo cha tatu. Futi akapanda, akakalia kile kiti kilichoshonwa. Injini ikawaka kwa mngurumo ambao siku zote ungemfanya Fundi azibe masikio na kukimbilia ndani. Hakuziba. Alivuka barabara pekupeku, na fulana yake nje-ndani, isiyo na kifungo wala kola, akashika mlango wa lori kwa mikono yote miwili.

"Lile swali lako," akasema.

Futi akamwomba dereva azime injini. Dereva akazima, bila neno, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Fundi akafumba macho, akaingia ndani, akapekua kama kawaida yake. Akavikuta viatu, akavipita. Akaikuta taa, akaipita. Akalipita kochi, na springi, na ukuta wenye tundu la msumari. Kwa nyuma kabisa, pale ambapo hakuwahi kufika kwa kuwa vya mbele vilikuwa na kelele mno, palikuwa na kitu kimekaa. Akakipapasa mpaka akakipata kichwa. Akakishika, akavuta.

"Nasikitika, mwanangu," akasema, na upande wa kushoto ukatulia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. "Na kola inanibana."